Léocadie Cibalonza na Sauti za Wasichana wa Hayes

Baba Padri, ndugu wa ukoo wa Mweze na ukoo wa Bahati, majirani wa Hayes, wafanyakazi wenzake, na nyinyi wasichana mliokuja leo kutoka pande zote za London, mimi ninayesimama mbele yenu naitwa Aristide Mweze, mdogo wake marehemu. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya dada yetu, nami nimeyaandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha aliyotugombeza nayo sote, Wakongo, Waunguja na Wapemba bila kubagua, na wale watoto wetu wanaoelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza watulie tu, leo hakuna atakayewauliza swali.

Léocadie Cibalonza Mweze alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958 huko Walungu, karibu na Bukavu, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu baba yetu, Mzee Mweze, aliyekuwa mpima majani katika shamba la chai, na mama yetu, Mama Nsimire, ambaye yuko hai Bukavu na anaomboleza pamoja nasi akiwa na umri wa miaka themanini na moja. Alianza shule ya msingi ya Walungu mwaka 1964, akaimaliza mwaka 1970, na kwa mwaka mmoja mzima, mama alipokuwa mgonjwa, alikwenda darasani akiwa na mtoto mgongoni, akaandika imla amesimama kwa sababu mtoto huyo alilia kila alipokaa, na mtoto mwenyewe ndiye huyu anayewasomea.

Mwaka 1970 aliingia shule ya bweni ya masista mjini Bukavu, akapata shahada ya sekondari mwaka 1976, kisha akasoma historia na elimu ya jamii katika chuo cha ualimu hapo hapo Bukavu hadi mwaka 1982. Kuanzia Septemba mwaka huo alifundisha katika shule ya sekondari ya wasichana kwa miaka kumi, na wanafunzi wake wa wakati huo, wawili wamo humu kanisani, wanakumbuka kwamba hakupenda kuita mtu mmoja ubaoni, aliita wawili, akisema msichana akiwa na mwenzake hutoa jibu ambalo peke yake angelimeza.

Tarehe 27 Julai 1985 alifunga ndoa takatifu na Zéphyrin Bahati, fundi wa redio, mtu mpole ambaye ndugu zetu walimwonya waziwazi, wakamwambia, "Shemeji, huyu ni mkaidi," naye akajibu kwamba ameshatengeneza redio nyingi na hajawahi kuona iliyo bora ikakosa kukwaruza. Mungu aliwajalia watoto wawili, Miradie, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1986, na Dieumerci, aliyezaliwa tarehe 19 Januari 1989.

Mwaka 1992 wanajeshi waliwapiga wanafunzi wake wawili njiani, na yeye pamoja na walimu wenzake wanne wakaandika barua kwa wakuu wa mkoa, wakaitia saini kwa majina yao kamili, na kabla mwezi haujaisha watatu kati ya hao watano walikuwa wamekamatwa. Dada alitoroka kupitia Uvira na Bujumbura, akawaacha watoto kwa mama na mumewe, akaingia London tarehe 3 Oktoba 1992 akiwa amevaa koti la kuazima. Kwa miaka miwili alilea watoto wake kwa simu ya kibandani, hadi tarehe 20 Agosti 1994 Zéphyrin alipowaleta, na Dieumerci, aliyekuwa na miaka mitano, hakumtambua, akamsalimu kama mgeni kwa kumpa mkono, jambo ambalo dada alinisimulia mara moja tu, na sikumwuliza tena.

Waliishi Hayes, na hapo alifanya kazi zote tunazozijua sisi sote, alikunja mablanketi ya ndege katika ghala karibu na uwanja wa Heathrow, alisafisha ofisi alfajiri, na kuanzia mwaka 1995 aliajiriwa katika nyumba ya kulelea wazee, kazi ambayo hakuiacha hata baadaye alipokuwa na cheo kingine, kwa sababu alisema wazee wale ndio waliomfundisha Kiingereza cha kueleweka.

Mwezi Septemba 1997 chuo kikuu kimoja cha hapa London kilitafuta mtu wa kuwaelezea akina mama, kwa Kiswahili na Kifaransa, fomu za kuruhusu binti zao wahojiwe. Ulikuwa utafiti juu ya wasichana wa miaka kumi na minne hadi kumi na sita, wenye asili ya Afrika na Asia, na swali lake kubwa lilikuwa kama wasichana hao wanashiriki siasa. Dada alichukuliwa kwa ajili ya fomu, lakini baada ya mwezi mmoja walimpa kinasa sauti na orodha ya maswali arobaini, wakamtuma ahoji mwenyewe. Maswali yenyewe yalikuwa, je, wewe ni mwanachama wa chama, je, umewahi kumwandikia mbunge, je, utapiga kura ukifika umri, na wasichana walijibu hapana, hapana, sijui, hata ripoti ya kwanza ikaandikwa kwamba wasichana hawa wako mbali na siasa.

Katika shule moja ya Hayes alikutana na marafiki watatu ambao wamo humu leo na wameniruhusu niwataje. Wa kwanza ni Bijou, Mkongo mwenzetu, aliyekuwa akiishi na mama yake na mdogo wake. Wa pili ni Haifa, ambaye wazazi wake walitoka Pemba. Wa tatu ni Ranjan, ambaye bibi yake alizaliwa Mwanza na kila Jumapili alimpeleka katika hekalu la Wahindu la Neasden. Haifa alipoitwa kuhojiwa peke yake, alimwambia dada, "Mama Miradie, mimi sikumbuki vitu bila Ranjan, na Ranjan hasemi bila Bijou, basi tuite sote au uniache niende zangu darasani." Sheria ya utafiti ilikuwa mmoja mmoja. Dada akafungua mlango, akawaita wote.

Siku hiyo ndipo alipojifunza lile alilolifanyia kazi maisha yake yote yaliyobaki. Wale wasichana walimweleza, kama mtu anayesimulia jambo la kawaida, kwamba mwaka uliotangulia mabasi ya jioni yalikuwa yakipita kituo cha shule bila kusimama kila madereva walipoona kimejaa wanafunzi, na wao watatu wakakaa hapo kwa wiki sita, wakiandika saa na namba ya kila basi lililopita, Ranjan akiandika, Haifa akisoma namba, Bijou akishika mwavuli, kisha wakaipeleka orodha kwa kampuni na kwa diwani, na mabasi yakaanza kusimama. Dada aliwauliza kwa nini katika fomu walijibu kwamba hawajawahi kushiriki siasa. Ranjan akashangaa, akasema, "Hiyo haikuwa siasa, ilikuwa kwa ajili ya Bijou, alikuwa anachelewa kumchukua mdogo wake shuleni." Dada alirudi nyumbani, akakaa jikoni na koti lake mwilini, na Zéphyrin alipomwuliza kama kuna msiba, alijibu, "Hapana, ila tumekuwa tukiwauliza watoto wa watu swali lisilo lao."

Kuanzia hapo alikuwa akiwahoji kwa makundi, pamoja na marafiki zao, hapo Hayes na pia Stratford, na wakuu wa utafiti walimwacha kwa kuwa kaseti zake zilikuwa na maneno, za wengine zilikuwa na ukimya.

Mwezi Februari 1999 mama yake Bijou alipata barua ya ofisi ya uhamiaji kwamba ombi lao limekataliwa na kwamba watarudishwa. Haifa na Ranjan hawakungoja mtu mzima, walikusanya saini shuleni, msikitini na hekaluni, wakamfuata mbunge siku yake ya kupokea wananchi, na tarehe 17 Machi 1999, siku ya Jumatano, wasichana mia moja na arobaini walitoka madarasani saa nne, wakakaa chini uwanjani kwenye baridi hadi saa sita, bila kelele, kila mmoja ameshikana mkono na rafiki yake. Uongozi wa shule ulitaka kujua nani alipanga, ili wafukuzwe, na kila msichana aliyeulizwa alijibu kwamba amekuja kwa sababu rafiki yake alikuja.

Sasa, wiki moja kabla ya siku hiyo, dada alikuwa amewarekodi wakipanga, na majina yote yalikuwamo katika kaseti mbili. Shule ilipopata habari hiyo ilimwendea profesa mwenye utafiti, na profesa, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye hofu ya kufungiwa milango ya shule, akamwita dada, akamwomba alete kaseti. Dada alikataa. Akaambiwa kwamba kaseti ni mali ya chuo, akajibu kwamba plastiki ni ya chuo, lakini sauti ni za wasichana, nao walimpa yeye kwa ahadi. Akapewa siku tatu afikiri.

Ndugu zangu, hapa lazima niseme ukweli, kwa sababu yeye asingeniruhusu niuruke. Mimi, niliyekuwa nimemfuata hapa London, ndiye niliyekwenda kwake Hayes siku ya pili, nikamwambia, "Dada, toa hizo kaseti, tumekimbia nchi moja kwa sababu ya saini yako, usitukimbize tena kwa ajili ya watoto wasio wako." Akasema, "Aristide, ile barua ya Bukavu tuliitia saini watu watano, na kuna mtu aliyewaonyesha wanajeshi walipo wale watatu, mtu mwenye watoto na hofu kama wewe na mimi, na mpaka leo naomba Mungu nisiwe mtu huyo." Nikavaa kofia nikaondoka, na kwa karibu mwaka mzima hatukuzungumza, kosa ambalo ni langu. Tarehe 9 Aprili 1999, siku aliyotimiza miaka arobaini na moja, alipokea barua ya kusimamishwa kazi ya utafiti, akarudi kwenye shifti zake za nyumba ya wazee.

Shule haikumpata wa kumfukuza, ikawapa wasichana wote mia moja na arobaini barua moja ya onyo. Rufaa ya mama yake Bijou ilisikilizwa mwezi Oktoba, na kati ya waliotoa ushahidi walikuwamo Haifa na Ranjan, wakiwa wamevaa sare za shule, na mwezi Machi mwaka 2000 familia ile iliruhusiwa kubaki. Siku ile mama yake Bijou alileta sufuria ya sombe, yaani kisamvu, nyumbani kwa dada, nami pia niliitwa nile, na hivyo ndivyo tulivyopatana, bila hotuba, yeye alinisukumia sahani, nikala.

Baada ya hapo aliendelea na utafiti bila chuo, bila mshahara, akiwakaribisha wasichana jikoni kwake Jumapili baada ya misa, mara nne kwa mwaka, hadi wakafika thelathini na mmoja, akiwafuata kutoka shule hadi kazini na vyuoni, akitaka kujua urafiki unafanya nini mtu anapokuwa mkubwa. Mwaka 2001 chuo kikuu kingine kilimpokea kama mwanafunzi wa udaktari wa muda, akiwa na miaka arobaini na mitatu, akisoma kwenye basi kati ya shifti mbili. Haikuwa rahisi kwa nyumba yake. Miradie ameniomba niseme kwamba siku moja, akiwa na miaka kumi na sita, alimwuliza mama yake kwa Kiingereza, "Hao wote unawauliza rafiki zao ni nani, mimi wangu unawajua?" na dada alizima kinasa sauti mbele ya wageni, akawaomba radhi, akatoka na binti yake wakatembea kando ya mfereji mpaka giza likaingia, na mkutano uliofuata haukufanyika.

Na alikosea jambo moja kubwa, ambalo alitaka lisomwe siku yake ya kuzikwa. Mwaka 2003 alisoma mbele ya watu sura moja ya tasnifu yake, iliyoeleza jinsi marafiki wawili walivyotengana baada ya mmoja wao kupata vibali vya kuishi, yule wa pili akihisi kwamba alitumiwa kama ngazi. Majina aliyabadilisha, lakini alikuwamo mtu wa kanisa letu, akatambua kwamba ni Bijou na Haifa, na habari ikawafikia. Bijou alimfuata dada nyumbani, akasimama mlangoni bila kuketi, akasema, "Mama Miradie, ulikataa kuwapa walimu sauti yangu, halafu ukaitoa mwenyewe." Dada hakujitetea. Kesho yake aliiondoa sura ile yote, kazi ya miezi kumi na minne, msimamizi wake akamwambia kwamba ndiyo iliyokuwa sura bora kuliko zote, naye akajibu kwamba anajua. Kisha alikwenda kwa Bijou na kwa Haifa, kila mmoja kwake, akaomba msamaha kwa mdomo wake, na tangu siku hiyo hakuandika neno la msichana yeyote kabla ya kumsomea kwanza. Kazi ilichelewa karibu miaka miwili. Haifa na Bijou walikaa mwaka mzima bila kuzungumza, kisha Ranjan aliwaalika wote wawili kwenye harusi yake bila kumwambia yeyote kwamba mwingine anakuja, akawakalisha meza moja, na yaliyofuata ni yao.

Tarehe 22 Juni 2006 dada aliitetea tasnifu yake, iliyoitwa "Nilikwenda kwa Sababu Yeye Alikwenda", akapewa udaktari, na wale waliomhoji walimwuliza kama anaamini kwamba urafiki unatosha kuwa siasa. Nilikuwa nimeketi nje, lakini Ranjan alikuwa ndani, na anasema alijibu hivi, kwamba yeye hajui kama unatosha, anachojua ni kwamba katika wasichana thelathini na mmoja hakumwona hata mmoja aliyesimama kwa ajili ya wazo kabla ya kusimama kwa ajili ya mtu, na kwamba waliojifunza kusimama hivyo wakiwa na miaka kumi na mitano, wengi wao hawakuketi tena. Mwezi Januari 2007 alianza kufundisha chuoni siku mbili kwa wiki, siku nyingine mbili akiwa na wazee wake.

Mwezi Mei mwaka huo alianza kusikia maumivu ya tumbo, akayachukulia kuwa ni uchovu, na tarehe 11 Juni 2007 madaktari waligundua saratani ya ovari, ikiwa imekwisha kusambaa. Alifanyiwa upasuaji mwezi Julai, akaendelea na matibabu ya dawa kwa mwaka na miezi kadhaa, akifundisha kila alipopata nguvu, akiwa amejifunga kitambaa kichwani, na wanafunzi wake wanasema hakuwahi kukaa chini. Mwezi Septemba mwaka huu alilazwa mara ya mwisho. Zéphyrin alilala kwenye kiti pembeni yake siku arobaini na moja. Tarehe 6 Novemba 2008, siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, baada ya kupokea sakramenti na kunywa chai vijiko viwili, dada yetu alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka hamsini. Ameacha mume, watoto wawili, mama, ndugu sita, na rundo la kaseti ambazo, kwa maandishi yake, kila moja itarudishwa kwa mwenye sauti, na Miradie amekwisha kuanza kupiga simu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu bila kuchoka na maswali yake, wakuu na wenzake wa nyumba ya wazee waliomshikia shifti zake mwaka mzima bila kuziandika, wanachuo waliokuja na waliotuma salamu, jumuiya yetu ya kanisa, akina mama waliopika tangu Alhamisi ile mpaka leo, na jirani yetu Bwana Sadrudin, aliyempeleka hospitali kwa gari lake kila Jumanne, akamngoja, akamrudisha, na hakukubali hata siku moja kuingia ndani kula, akisema mgonjwa apumzike.

Mwisho, wengi mmeuliza kwa nini hatumpeleki nyumbani. Barabara za Kivu mnazijua zilivyo mwezi huu kwa vita, lakini sababu si hiyo tu, yeye mwenyewe alisema azikwe hapa Hayes, mahali ambapo watu wanaweza kufika kwa basi. Mama alikuwa amemwekea nafasi Walungu karibu na baba, nasi tuliogopa kumwambia. Jumapili nilimpigia simu, nikamweleza. Kisha alisema, "Mumuzike huko. Mimi nilimuzaa, lakini yeye iko na watu wengi huko. Mumulalishe muzuri, na mumuambie mama yake hajakasirika."

Dada Léocadie, nimekuambia kama nilivyotumwa. Lala sasa, upumzike kwa amani.